Kabla hujapeleka ritani ya kodi

Columbus, Ohio
12 Februari

Kaka Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ila baridi imekaza.

Habari ya benki kukunyima mkopo wa nyumba imeniuma sana. Unasema lori linaingiza dola 180,000 kwa mwaka, wanataka nini zaidi? Kaka, hizo hawazihesabu. Ukilipwa kwa fomu ya 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri, huna hati ya mshahara, kwa hiyo wanafungua ritani zako za miaka miwili, wanakwenda moja kwa moja Schedule C, ile fomu ya hesabu za biashara yako, mstari wa 31: faida iliyobaki baada ya dizeli, bima, matengenezo na kila ulichokata. Ikibaki dola 30,000 kila mwaka, kwao wewe ni mtu wa dola 2,500 kwa mwezi. Na kama mwaka wa pili umeshuka, kwa kawaida wanashika huo wa chini.

Sasa tazama mstari wa 13, uchakavu wa lori. Hela hiyo hukuitoa mfukoni mwaka huo, ndiyo maana benki huirudisha kwenye kipato. Ikiwa ni 24,000, ile 2,500 inakuwa 4,500 kwa mwezi. Mwandikie afisa mikopo aliyekukatalia, umuulize kama aliirudisha, naye akujibu kwa maandishi. Nina wasiwasi hakufanya hivyo.

Ritani ya mwaka huu usimwachie mhasibu peke yake. Kaeni kabla ya tarehe 15 Aprili mpitie risiti moja moja. Cha kazi kikatwe chote, ila safari za familia na simu za watoto zitoke humo. Kodi itapanda, najua, lakini nyumba unaitaka mwakani. Na huyo jamaa anayetaka kukutengenezea ritani nyingine ya kuonyesha benki, mkimbie! Benki hukusainisha fomu ya 4506-C, kisha inachukua rekodi zako kwenye mamlaka ya kodi, IRS kwenyewe. Kuonyesha ritani ya uongo ni kosa la jinai, na sisi wageni linaweza kutuharibia hata makaratasi.

Lori la pili kwa mkopo lisubiri kwanza, maana rejesho lake litapunguza unachoweza kukopa. Kianzio kisikutishe: mikopo ya FHA, ile inayodhaminiwa na serikali, inataka asilimia 3.5 tu ya bei ya nyumba kama alama zako za ukopaji zimefika 580.

Nitumie Schedule C za miaka yote miwili. Jumapili jioni nipigie tuzipitie pamoja, na shemeji awepo.

Nduguyo,
Salum