Mwanangu, mkataba huo ni wako au ni wa kocha mkuu?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi tu wazima, isipokuwa goti lake la kulia ambalo nitalieleza mbele.

Tangu uliponipigia simu Jumapili na kunieleza kwamba kocha mkuu wa timu ya soka ya chuo chenu huko Marekani, ambaye wewe ni msaidizi wake, ameondolewa siku tatu tu baada ya mchezo wa mwisho wa msimu, usingizi umenipaa. Ulilisema jambo hilo upesi, kisha ukaniuliza habari za Coastal Union, nami nikakujibu kana kwamba sikusikia. Nilisikia. Nililotaka kukuuliza, na ambalo ulimi ulikataa kulitoa, ni hili: mkataba wako umesimama peke yake, au umefungwa kwenye mkataba wa yule aliyekuita kazini? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kocha mkuu mpya huja na wasaidizi wake, na aliowakuta hufungasha virago. Msaidizi aliyezaliwa huko huko Marekani, tuseme Ohio, akiondolewa atarudi kwa wazazi wake na kutafuta chuo kingine taratibu. Wewe viza yako ya kazi, ile ya H-1B, imeshikwa na mwajiri, na kazi ikikoma unapewa siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri mwingine wa kukuombea, la sivyo uondoke. Nimezihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikaona zinaishia mwanzoni mwa Februari.

Usidhani ninaidharau kazi yako. Kwa miaka mingi, watu wa mtaani wakiniuliza, nilijibu kwamba uko chuoni Marekani, nikakomea hapo, wakadhani unafundisha darasani. Sasa ninasema kocha. Nilianza kulisema neno hilo tangu asubuhi ile tulipoonana kwenye simu. Huku ilikuwa saa mbili, kwenu saa sita usiku, nawe ulikuwa chumba cha kufulia unakunja vizibao vya mazoezi, unavihesabu viwiliviwili, na kile kilichochanika ubavuni ukakiweka kando ukishone. Mimi nimekuwa mwalimu hadi nikastaafu, na ninaijua kazi inayofanywa wakati hakuna anayetazama.

Lakini hapo hapo nina lawama. Unaijua kwa moyo tarehe 15 Juni, siku mnayoruhusiwa kuanza kuwapigia simu wanafunzi waliomaliza mwaka wa pili wa sekondari yao ili muwasajili, na unajua kila mzazi anataka ufadhili wa kiasi gani. Nilipokuuliza mkataba wako unakwisha lini, ulisema utaitafuta karatasi. Unawatafutia watoto wa watu mahali pa kusimama, na pako hujapakagua.

Uliwahi kunisimulia habari za Jerry Yeagley, aliyeiongoza timu ya soka ya Chuo Kikuu cha Indiana tangu 1973 hadi 2003 na kuondoka na mataji sita ya taifa ya vyuo. Ni mfano mzuri, ila yeye alikuwa kwao. Anayenikaa moyoni mimi ni Lincoln Phillips, aliyetoka Trinidad akawafundisha soka vijana wa Chuo Kikuu cha Howard huko Marekani, wengi wao wageni kutoka Karibi na Afrika. Walitwaa ubingwa mwaka 1971, kisha wakanyang'anywa kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza kwa kanuni za chama cha michezo ya vyuo. Hawakushindwa uwanjani, walishindwa kwenye karatasi. Mwaka 1974 walirudi wakalichukua taji bila kufungwa mchezo hata mmoja. Hayo ya 1974 unayapenda na unayarudia. Mimi nakuomba uyasome ya 1971.

Kwa hiyo nenda kwa mkurugenzi wa michezo kabla hajatangaza kocha mpya, umwombe jibu la maandishi, si la kupeana mikono. Pita pia ofisi inayoshughulikia wafanyakazi wa kigeni. Usijiuzulu kwa kumwonea uchungu mkuu wako, hata kama alikutendea wema. Na waandikie makocha wa vyuo vingine sasa hivi, kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia kwamba vyuo vingi havipiti kwenye bahati nasibu ya viza kama klabu za kulipwa, basi usikimbilie klabu kwa ajili ya jina.

Fundi alikuja kubadilisha bati la chumba chetu. Tuliposhusha masanduku, mama yako alizikuta njumu zako za kidato cha pili juu ya kabati langu, ndani ya mfuko. Hazikuibwa. Wakati ule niliona ninakukinga na jambo lisilo na mshahara. Nimezifuta vumbi, soli ya mguu wa kushoto imebanduka, nitampelekea fundi viatu.

Goti la mama yako limevimba tena, ila daktari amesema apunguze ngazi na uzito, na dawa zipo. Fedha ya tangi la maji usiitume mwezi huu. Iweke ya mwanasheria, maana hapa mdogo wako anachota kwa jirani na hajalalamika.

Je, umeipata ile karatasi? Ukitoka kwa mkurugenzi saa kumi jioni, huku itakuwa saa sita usiku. Piga hivyo hivyo, simu nitailaza karibu na mto.

Baba yako