Kikao cha Kihispania cha Alhamisi: fui na echar

Habari za jioni wapendwa. Alhamisi saa 2 usiku tupo kama kawaida.

Wengi mmeniuliza kuhusu "fui", basi tuanze nalo. Ni "nilikuwa" na ni "nilienda" pia. Vitenzi ser (kuwa) na ir (kwenda) vinafanana herufi kwa herufi katika wakati huo uliopita: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. "Fui a Madrid", nilienda. "Fui maestro", nilikuwa mwalimu. Hiyo "a" ndogo mara nyingi ndiyo itakayowaokoa. Na kumbukeni, nafsi kwetu hukaa mbele ya kitenzi, kwao hukaa mkiani, ndiyo maana "yo" (mimi) huachwa tu.

Kisha echar. Kamusi itawaambia "kutupa", mkiishia hapo mmepotea. Echar sal ni kutia chumvi, echar la llave ni kufunga kwa ufunguo, echar una siesta ni kulala kidogo mchana, echar de menos ni kumkumbuka mtu kwa hamu. Kwani sisi hatupigi simu, pasi, picha na mswaki? Mnyambuliko wake hauna vituko: echo, echas, echa.

Kila mmoja aje na sentensi 3. Na jamani, sauti za dakika 5 humu, hapana.