Jalada la Septemba 7 liko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie majalada mawili ya kesi za mtu mmoja, Tundu Lissu, mwanasiasa wa chama cha upinzani cha Chadema. Katika la kwanza yeye ni majeruhi, katika la pili ni mshtakiwa. Sina kadi ya Chadema wala ya chama kingine chochote, na si kila neno analolisema Lissu jukwaani ninalikubali. Ila majalada haya mawili yananinyima raha kama raia.

La kwanza ni la Septemba 7, 2017. Akitoka bungeni mchana ule, Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari nje ya makazi yake Area D, Dodoma. Risasi 16 zilimpata. Hapo si porini. Ni eneo wanakoishi wabunge na viongozi wa Serikali, mchana kweupe. Usiku uleule alisafirishwa kwenda Nairobi, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji, ambako alifanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine. Tukaambiwa waliofanya hivyo ni watu wasiojulikana. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Wakati ule Jeshi la Polisi lilieleza kwamba linamhitaji Lissu na dereva wake ili liwahoji. Haya, Lissu akarudi nchini Julai 2020, akagombea urais, akazunguka mikoani akihutubia hadharani, huku polisi wakimwona. Baada ya uchaguzi ule aliondoka tena kwa kuhofia maisha yake, akarejea Januari 2023. Kama maelezo yake ndiyo yaliyokuwa yakikwamisha upelelezi, nafasi ya kuyachukua ilipatikana, tena zaidi ya mara moja.

Kabla ya hapo, Juni 2019, Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha Singida Mashariki kuwa wazi. Sababu zilikuwa kutohudhuria vikao bila kumpa Spika taarifa rasmi, na kutojaza fomu za mali. Hili linaniuma mpaka leo. Mtu anapigwa risasi akitoka bungeni, kisha anavuliwa ubunge kwa kutoonekana bungeni! Taarifa gani rasmi kuliko ile ambayo Bunge zima liliipata siku ile ile Dodoma?

Sasa lifungue jalada la pili. Aprili 9, 2025 Lissu, akiwa tayari mwenyekiti wa chama chake, alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, baada ya mkutano wa hadhara. Kesho yake, Aprili 10, alikuwa amesimamishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akisomewa shtaka la uhaini. Anayejua umbali wa Mbinga hadi Dar es Salaam ataelewa kasi iliyotumika. Siku mbili baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Chadema haitashiriki uchaguzi kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili.

Uhaini adhabu yake ni kifo na hauna dhamana. Kwa hiyo ikishasomwa hati ya mashtaka, mtu anakwenda rumande na anabaki huko, iwe ushahidi ni mzito au mwepesi. Na baada ya haraka ile yote, kilichofuata ni wimbo tunaoufahamu: upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Shtaka lilitokana na maneno aliyoyatamka hadharani na yakasambaa mitandaoni. Maneno yaliyorekodiwa yanahitaji upelelezi wa miezi mingapi? Kesi ilianza kusikilizwa Mahakama Kuu mwezi Oktoba, kampeni zikiwa zinaelekea ukingoni. Oktoba 29 uchaguzi ulifanyika, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani alikuwa gerezani muda wote huo, bila hukumu ya mahakama yoyote.

Tulishayaona haya kwa Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema kabla ya Lissu. Alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi, kosa jingine lisilo na dhamana. Machi 4, 2022 Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea na kesi, na siku hiyohiyo Mbowe akaonekana Ikulu akizungumza na Rais. Wengi tulifurahi. Lakini miezi zaidi ya saba ya rumande hakuna aliyemrudishia, na wala hakuna aliyeulizwa kwa nini ilichukuliwa.

Wapo wanaosema uhaini si jambo la mchezo, tuiache sheria ifuate mkondo wake. Nakubaliana nao kabisa. Na kumpiga mtu risasi 16 je? Sheria ya jambo hilo nayo ifuate mkondo. Afuate mkondo huo pia aliyemchukua Ben Saanane, kada wa Chadema ambaye hajaonekana tangu Novemba 2016. Wafuate na waliomshusha Ali Kibao, kada mwingine wa Chadema, kwenye basi Septemba 2024, ambaye kesho yake alikutwa ameuawa, na Rais mwenyewe akaagiza uchunguzi. Hao hawakuwa na majina makubwa kama Lissu. Wana familia ambazo hazijui zimuulize nani.

Kuhusu dhamana, mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama haya, kinakiuka Katiba, lakini Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Basi kazi imebaki kwa Bunge. Wabunge wanaweza kukirekebisha ili jaji apime mwenyewe kama mshtakiwa atatoroka au ataharibu ushahidi, badala ya mwendesha mashtaka kufunga mlango kwa kuchagua tu jina la kosa. Chama tawala nacho kina wajibu wa kulitazama hili, maana sheria hii haiulizi mtu ana kadi ya rangi gani.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Waandishi wako wanakwenda kwenye mikutano ya Inspekta Jenerali wa Polisi na ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Wawaulize, majibu yachapishwe kama yalivyotolewa: ni ofisi gani inalo jalada la Septemba 7, 2017; majirani na walinzi wa Area D walihojiwa lini; na maganda ya risasi ya siku ile yamehifadhiwa wapi.

Msomaji wako,
Dodoma