Mama, ile nyota ya babu isiuzwe

Mama shikamoo, natumai mko salama hapo Voi na mguu umepata nafuu. Huku Manchester mimi mzima, baridi tu.

Nilitaka kupiga simu kuhusu ile medali ya babu ya vita, ile nyota, lakini haya nikiyasema nitalia, wacha niandike. Jumamosi nilienda makumbusho ya sayansi hapa mjini, kuingia ni bure, nikafika ukumbi wa mitambo na mbele yangu imesimama Garratt, ile injini ya treni ya mvuke! Mama, Garratt yenyewe, boila katikati na huku na huku seti ya magurudumu yake, vilevile babu alivyokua akituchorea mchangani na bakora. Hiyo ilikua ya reli ya Afrika Kusini lakini walioitengeneza ni walewale Beyer, Peacock, kiwanda chao kilikua Gorton, na Gorton mimi napita na basi kila siku nikienda kazini! Zile injini klasi ya 59 za babu, zote 34 zenye majina ya milima yetu, zilitoka hapo. Miaka yote napita na sikujua. Nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Nikamkumbuka babu anavyoacha tonge mkononi treni ikitokea upande wa Maungu usiku, anasikiliza, anasema huyu leo kabeba mzito, ndo anaendelea kula. Relwe alianza kwa kufuta grisi, akawa fayamani miaka na miaka, mpaka baada ya Uhuru ndo akakabidhiwa injini awe dereva mwenyewe, Mombasa mpaka Nairobi kilomita zaidi ya 500 na karibu yote ni kupanda.

Ya vita hakupenda kuyasema. Tulijua tu alikua Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, ile divisheni ya 11 ya alama ya mnyama kifaru, na kwamba Burma mwaka 1944 walitembea Bonde la Kabaw kwenye mvua na tope na malaria, wakifika mto Chindwin pale Kalewa hadithi inakatikia hapo, anaomba chai. Kitu kimoja tu alikirudia, kwamba mshahara wa askari Mzungu ulikua mbali sana na wao na risasi ni zilezile. Hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Sasa mama, nasikia mjomba kapata mtu wa kununua ile medali. Tafadhali nakuomba, isitoke hapo nyumbani. Ichukue uigeuze nyuma, utaona ni tupu, hawakuandika jina la mtu. Yani ikishavuka mlango huo inakua nyota ya yeyote, hakuna atakayejua ilivaliwa na baba yako. Kama shida ni karo ya watoto mwambie mjomba nitatuma mimi mwisho wa mwezi, niko siriazi, nimeshaongea na msimamizi anipe shifti za usiku.

Kwenye lile sanduku la bati kuna kitabu chake cha kuachishwa jeshi, namba yake imo. Iandike kwenye karatasi na majina yake yote matatu, uifunge pamoja na nyota, halafu unipigie picha. Na ile kofia ya Relwe iote jua kidogo, isiliwe na nondo.

Msalimie mjomba, sina kinyongo naye. Nitapiga Jumapili.

Mwanao