Kaka, kwenye Noah ya Baba sipandi

Shikamoo kaka.

Simu zangu hupokei, na kwenye grupu la ukoo unasoma unapita kimya. Basi naandika hapa, maana najua wifi hunisoma na atakufikishia. Kwanza pole tena kwa msiba wetu. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini kumpokea Baba, na nilikuona. Usiseme tena kwamba mimi sina utu.

Sasa tuje Kabuku, siku ile tukiwa njiani kwenda Tanga.

Harufu ya petroli tuliisikia tangu tunavuka Wami. Ukasema gari la zamani lazima linuke. Tulipofika Kabuku ukaegesha kwenye kivuli, hatua chache tu kutoka kwa yule mama wa mahindi ya kuchoma, jiko lake limekolea moto. Ukainua siti ya mbele, ambayo injini iko chini yake, nayo ikiwa inaunguruma, ili uone panapovuja. Tukapaona wote: mpira wa mafuta karibu na filta umechanika, petroli inachuruzika pembeni ya injini na udongo chini umeshalowa. Nikawashusha watoto, nikawaambia wakimbilie ng'ambo. Mama alikuwa siti ya nyuma. Ule mlango ukakwama, si unaujua, ule ambao Baba tu ndiye alijua pa kuupiga teke. Nikawa nauvuta huku namwita Mama asogee. Na wewe, bila hata kugeuka, ukasema: "Mama, wewe kaa tu. Huyo naye na makuu yake."

Mama akakaa.

Mengine yote nimeyasamehe kaka, hata yale ya siku ya hitima, uliposema mbele ya wazee kwamba nimelikataa gari la marehemu kwa sababu nimewarudisha Mama na watoto Dar kwa basi. Hilo la Kabuku limekaa kooni.

Najua ujasiri ule umeutoa wapi. Umeendesha malori miaka mingi, na dizeli ikikumwagikia unajifuta na kitambaa safari inaendelea. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi 50 na kitu. Petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kabuku saa saba mchana. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Jiko la mahindi lilikuwa pale pale! Lile lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro, ilikuwa Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa, na wewe mwenyewe ndiye uliyenipigia simu usiku ule unalia kwa sababu ya dereva mwenzako. Umesahau?

Ukafunga mpira kwa kipande cha tyubu, ukapaka sabuni ya mche juu yake. Sabuni sikatai, kwenye tangi linalotoa jasho inaweza kukufikisha gereji. Lakini Noah ile ni ya injekta. Pampu inasukuma mafuta kwa presha inayokaribia 40, kwa kipimo kile kile unachojazia tairi, na tyubu ikinywa petroli inavimba na kulegea. "Mbona tulifika?" Tulifika, ndiyo. Na yule anayevuka reli bila kuangalia naye hufika, mpaka siku treni ipite.

Nimemuuliza fundi wa gereji za huku Gerezani, Dar, nikampigia picha uvungu wa Noah nyingine kama ile. Mipira yote ibadilishwe, siyo ule mmoja, maana umri wao ni mmoja. Inunuliwe ya injekta, imeandikwa ubavuni. Ile laini ya kabureta usikubali hata ukipewa bure. Oringi za injekta nazo ziangaliwe. Kabla ya kufungua chochote, chomoa fyuzi ya pampu, washa, acha gari lizime lenyewe, presha ishuke. Harufu ikija baada ya kujaza tangi tu, basi huenda ni mpira wa mdomoni pa kujazia. Na tangi likionekana na kutu, usimruhusu mtu alichomelee eti kwa sababu halina mafuta. Tangi tupu ndilo limejaa mvuke.

Halafu ule mtungi wa kuzimia moto. Mshale uko kwenye nyekundu, wa kumwonyesha trafiki tu.

Utasema najifanya fundi. Sawa. Lakini katika familia hii nani alisimama barabarani na watoto wanne juani, mmoja wako wewe, huku akiitwa mwenye makuu? Baba alikuwa akilifuta gari lile kila Ijumaa kabla ya swala, na mpira ukichoka alikuwa anabadilisha, hafungi na tyubu. Kwa hiyo aliyelikataa gari la Baba tusiharakishe kumtaja.

Pesa ya mipira nimempa wifi. Mkiirudisha nitaituma tena.

Ukitaka tukae na wazee, tukae, hata Tanga nitafika. Baba mdogo apange siku. Ila nitakuja kwa basi, na Mama nitakuja naye mimi.