Mchumba wangu alikuwa jeshini, na ya vita tunayazungumza

Mhariri,

Salamu kwanza, alafu niseme ukweli nimeudhika kidogo. Juzi hapa kwa gazeti lako kuna dada aliuliza afanye nini na mchumba wake aliyetoka jeshini, maana kila akitaja vita vya Somalia jamaa ananuna siku mbili, na waliomjibu wote wakawa na neno moja tu, mada hiyo aiache, azungumze harusi azungumze watoto, kidonda cha mwanajeshi hakiguswi. Mimi nasema siyo hivyo, na sisemi kwa kusoma mahali, jambo hili ninalo mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Lamu, Langoni, hapa Malindi niko mwaka wa sita, mtalaka, nina mtoto mmoja wa kiume. Anayeniposa alikuwa koplo, saa hii ana duka la vipuri vya bodaboda. Tunaonana barazani kwa dada yangu, mlango wazi, watoto wanapita, kwa hivyo wasije watu wakanisema.

Sasa hawa wanaosema vita si mazungumzo ya wachumba, labda wao vita waliviona kwa TV. Sisi wa Lamu tungeviwekaje kando? Septemba 2011 wageni Waingereza walivamiwa Kiwayu, mume akauawa mke akachukuliwa, haukuisha mwezi Mfaransa mlemavu akabebwa kutoka kwake Manda na hakurudi hai. Tarehe 16 Oktoba jeshi letu la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia, wakaita Linda Nchi. Wageni wakakimbia, na wale vijana wa mashua za kutembeza watalii wakakaa tu mbele ya forodhani wakiangalia maji. Baba yangu yeye hakuwa mtu wa wageni, ni mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa, na jarife ni la usiku, mchana samaki analiona analipitia mbali, sasa ikaja amri hakuna kuvua usiku kwa ajili ya usalama, na amri yenyewe haikuwa ya wiki wala mwezi, ilikuwa ya miaka. Baba akawa anakaa kwenye daka na jarife mapajani anashona, akimaliza palipochanika anatafuta pengine, siku nyingine nilimuona anakata kwa kisu mahali pazima kabisa ili apate pa kushona. Sikumuuliza. Alafu ikaja Juni 2014, Mpeketoni, watu wakiwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia, al-Shabaab wakavamia wakaua, yaliyotokea mnayajua, na baada ya hapo tukapigwa kafyu, magharibi ikiingia kila mtu ndani, mwanamke akishikwa na uchungu usiku ni dua tu.

Kwa hivyo mimi msimamo wangu nimekuwa nao kabla sijamjua huyu bwana: jeshi letu halikupaswa kwenda kule, na likishakwenda lingerudi mapema. Yeye aliingia na kundi la kwanza kabisa. Mvua za ule mwaka zikawakuta njiani, magari yakakwama kwenye matope, anasema adui wa kwanza aliyepigana naye Somalia ni tope. Hayo ndiyo alikuwa ananihadithia miezi ya mwanzo, ya kuchekesha, matope, mbu, chai ya maziwa ya ngamia. Na mimi msimamo wangu nikawa nimeukalia. Tulikuwa wazuri sana wakati ule, wazuri wa uongo.

Kilichotutoa ni ami yangu. Alikuja kutoka Lamu Januari 2025, njia nzima basi la kungoja eskoti ya polisi, amefika kachoka na hasira zake, na kwenye habari wanasema kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia kimebadilishwa jina tena sasa kinaitwa AUSSOM. Ami akaanza. AMISOM, ATMIS, leo AUSSOM, majina yazaa kama sungura na sisi twalala na khofu ile ile. Alafu akamgeukia mgeni wangu, ambaye alijua fika alikuwa wapi, akamwambia nyinyi hamkufuata magaidi, mlifuata makaa. Mhariri unayajua yale ya makaa ya kuuzwa nje kutoka bandari ya Kismayu kule Somalia, Umoja wa Mataifa uliyapiga marufuku 2012, waangalizi wake wakaandika kwamba biashara inaendelea na jeshi letu liko pale pale, jeshi likakanusha. Sasa hayo ni maneno ya kusema kwenye mkutano, lakini hapa yametupwa uso kwa uso kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye mkeka na sahani ya njugu.

Hakujibu. Alikuwa anamenya njugu, akaendelea kumenya, ile njugu haili, anaiweka kando anachukua nyingine, nikaona kirundo kinapanda mbele yake, anamenya tu, vidole vinaenda. Na mimi nikakumbuka jarife la baba. Dada yangu akaleta chai, ami akabadilisha hadithi, na baada ya muda mrefu ndipo mgeni wangu akasema, taratibu, Ami, mimi gunia hata moja sikupewa. Akaaga akaenda.

Sasa kwa ushauri wa wasomaji wako hapo ningempigia nimwambie pole, yasahau hayo, ami mtu mzima. Mimi nilimpigia nikamwambia ami amekosa adabu lakini kwa vita mimi niko upande wa ami. Wallahi nilitetemeka. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, alafu akasema, kwa nini hukuniambia miezi yote hii?

Tukabishana wiki mbili, kwa simu, kwa meseji, barazani, dada yangu akatuchoka. Yeye anasema bila kwenda kule Lamu ingekuwa haikaliki, wale watu walishaanza, Kiwayu walikuja kabla sisi hatujavuka. Mimi namwambia Mpeketoni ilikuja baada ya nyinyi kuvuka, na Manda pale kambini Januari 2020 al-Shabaab walivamia, hali Wamarekani wapo pale na ndege zao. Tukarudiarudia tarehe mpaka nikaona kitu: yeye anahesabu kutoka Kiwayu, mimi nahesabu kutoka siku baba alipozuiwa kwenda baharini. Akaniuliza habari za lile jarife, hakuwahi kuzisikia, nikamweleza lote mpaka ile ya kisu. Hakusema pole. Aliuliza jarife lilikuwa pima ngapi, na liko wapi sasa.

Na jambo ambalo sikulitegemea, ni kwamba yeye vita anavisema vibaya kuliko mimi. Mimi nimezoea kudhani mwanajeshi akiguswa atatetea kila kitu. Huyu ukimpa nafasi atakwambia ya El Adde kule Somalia, tarehe 15 Januari 2016, kambi ya jeshi letu ilivyovamiwa alfajiri, na miaka ikapita idadi kamili ya vijana waliokufa pale haikutangazwa rasmi, kila mtu anahesabu zake. Hapo anapandisha sauti kweli. Lakini neno hilo anataka alitoe mwenyewe, si litoke kwa mtu anayemrushia kama jiwe. Tofauti hiyo mimi imenichukua muda kuielewa, na ami hajaielewa mpaka leo.

Dada uliyeuliza, kwa hivyo, mimi nakwambia sema msimamo wako, tena mapema kabla ya mahari. Mume atakayekaa na wewe miaka thelathini hajui unaionaje kazi aliyoitoa ujana wake, atakaa na nani? Lakini usimseme mbele za watu, na usimuulize kama aliua, binamu yangu mmoja aliuliza hivyo kwa ujinga wake, siku hiyo ikaharibika. Na usimfanye yeye ndiye serikali. Koplo haamui nchi ivuke mpaka, koplo anaambiwa panda gari. Usiku pia mimi siongei haya, kuna siku halali na mazungumzo yanamzidishia. Akinuna mwache anune, si kila ukimya ni ugonjwa, wengine ndivyo wanavyofikiri. Ila kama ni mtu ukitoa maoni anakutukana au anakuinulia mkono, hapo usitafute sababu Somalia, ondoka.

Niongeze hili moja maana bila lile zogo nisingelijua. Alikuwa na mwenzake wa tangu kruta, yale mafunzo ya kuingia jeshini, aliyefia El Adde. Siku moja akaniambia, kama mtu anayekumbuka kitu dukani, kwamba yule alimkopesha elfu moja mia tano na hajamlipa. Miaka tisa na zaidi anazunguka na deni la maiti. Nikamwambia deni halifi, linalipwa kwa warithi, hata mtoto wa chuoni anajua hilo. Akasema anajua, lakini anampigiaje mjane wa watu kumwambia shika elfu moja mia tano. Ikabidi tutafute namba, tukapata kwa mtu wa tatu, akatuma usiku kwa simu yake mbele yangu. Baada ya dakika chache ikapigwa. Mwanamke, sauti ya chini, anauliza hii pesa imetoka kwa nani. Yeye akanipa mimi simu akatoka nje. Mimi ambaye sikutaka wale vijana waende kule hata siku moja, nikawa ndiye ninamweleza mjane yule ni pesa ya mumewe, alimkopesha rafiki yake wakiwa kazini. Akaniuliza na wewe ni nani kwake. Nikasema mchumba. Akasema basi mpikie, wakirudi hawali.

Ndoa ni mfungo sita, inshallah, baada ya Maulidi watu wakiwa bado wako mjini. Ami ndiye walii wangu, baba hawezi tena safari. Nimeshamwambia siku hiyo habari za makaa azisahau, amekubali, amesema atazitoa siku ya pili.

Binti wa Langoni,
Malindi