Barua ya wazi kwa Gavana wa Bulacan: jiwe la Biak-na-Bato

Mheshimiwa Gavana,

Mimi si Mfilipino na sina kura katika mkoa wako wa Bulacan, kwa hiyo barua hii ukiitupa haitakugharimu kitu siku ya uchaguzi. Naomba tu uisome kwanza: inahusu mapango ya Biak-na-Bato na vibali vya kuchimba mawe.

Kanisa la Barasoain pale Malolos linatunzwa kama mboni ya jicho, nalo linastahili. Bunge la mapinduzi dhidi ya Hispania lilikutana humo Septemba 1898, na Januari iliyofuata jamhuri ikatangazwa. Hata noti ya peso 10 iliwahi kubeba sura yake. Lakini kabla ya kanisa palikuwa na pango.

Mwaka 1897 Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi hayo, alizidiwa nguvu katika mkoa wa Cavite, akapanda na watu wake hadi milima ya San Miguel, hapo Bulacan, mahali paitwapo Biak-na-Bato, yaani jiwe lililopasuka. Ni magenge ya mawe ya chokaa, mito iliyojichimbia njia chini kwa chini, na mapango. Mojawapo wenyeji huliita Bahay Paniki, nyumba ya popo. Huko ndiko Novemba 1, 1897 walikotia saini katiba yao. Sehemu kubwa waliinakili kutoka kwa waasi wa Cuba, na mimi siwalaumu: aliye vitani hana muda wa kufuma mkeka upya. Desemba wakapatana na Wahispania, na Aguinaldo akasafiri kwenda Hong Kong kwa ahadi ya peso 800,000 ambazo hazikulipwa zote. Kama alifanya vyema au vibaya, Wafilipino wanabishana hadi leo.

Ninachotaka kusema ni kwamba lile jiwe lilikuwa upande wao. Bila zile nyufa wasingekuwa na pa kujificha, na bila maji yanayotoka humo wasingekuwa na cha kunywa.

Rais Quezon alipafanya hifadhi ya taifa mwaka 1937, zaidi ya hekta 2,000. Kisha marumaru ikaonekana. Miaka ya 1980 kampuni ilipewa leseni ya kuchimba hekta 330 ndani ya eneo hilo, serikali ikaifuta, kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2004 mahakama ikaunga mkono kufutwa kwake. Ushindi mzuri. Ila katikati ya kesi, mwaka 1989, amri ya rais ilikuwa imelikata eneo vipande vipande, kimojawapo kikatengwa kwa ajili ya madini. Ukuta wa kanisa ukibomoka, fundi huujenga tena. Pango hutengenezwa na tone moja la maji baada ya jingine, kwa maelfu ya miaka, na baruti hulimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Najua leseni kubwa hutolewa Manila. Lakini sheria ya madini ya 1995 imekupa wewe, siyo waziri, kalamu ya kutia saini vibali vya machimbo ya mawe yasiyozidi hekta 5. Hekta 5 zinaonekana kidogo mezani. Mahali ambapo mlima mzima unapitisha maji ndani kwa ndani, si kidogo.

Naomba mambo mawili. Usitie saini kibali chochote ndani ya mipaka ya 1937, hata pale ambapo amri ya 1989 ilipaondoa katika hifadhi. Na ramani ya vibali vilivyokwisha kutolewa kuzunguka eneo hilo ibandikwe ukumbini San Miguel, mahali ambapo mkulima anayetumia maji ya mto Madlum anaweza kuisoma.

Wako katika heshima,
Msomaji wa historia yenu